Saa Limoja: Uhakiki wa Kiswahili cha Tarehe Katika Maktaba za Programu

Miongoni mwa maktaba za programu zitumiwazo kuandikia tarehe na saa, Moment.js ilienea sana. Mwaka 2020 watunzaji wake walitangaza kwamba hawataiongezea mambo mapya. Lakini maneno yake mengi ya Kiswahili yamerithiwa na Day.js, kwa hiyo yafaa yahakikiwe.

Tuyataje mema kwanza. Majina ya miezi, tangu Januari hadi Desemba, ni sanifu. Vifupisho vya siku, yaani J2 kwa Jumapili, J3 kwa Jumatatu, hata J1 kwa Jumamosi, vimefuata hesabu ya juma letu wenyewe, wala havikuiga herufi za kigeni.

Kasoro ni tatu. Ya kwanza ni "saa limoja" na "masaa 3". Katika Kiswahili sanifu twasema saa moja, saa 3. Yaelekea mfasiri alitaka kutenga muda na wakati, kama watu wasemavyo "lisaa limoja". Lakini amelivua jina kiambishi chake, akauacha upatanisho ukining'inia. "Baada ya saa moja" yatosha kuondoa utata huo.

Ya pili ni "tokea dakika 5", kwa maana ya dakika 5 zilizopita. "Tokea" huonyesha mwanzo wa jambo linaloendelea, si umbali wa jambo lililokwisha. Chanzo ni kiunzi chenye pengo moja kwa vipimo vyote, ilhali Kiswahili chadai dakika zilizopita, mwezi uliopita, miaka iliyopita. Hazina ya CLDR ya Unicode hukipa kila kipimo kirai chake, umoja na wingi. Ndiyo maana upatanisho wake ni sahihi.

Ya tatu ndiyo nzito. Moment.js huandika "kesho saa", kisha hubandika tarakimu za hesabu ya kimataifa. Tuchukue Tunduma, mkoani Songwe, inayopakana na Nakonde ya Zambia, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Dereva wa lori aliyeandikiwa afike forodhani "kesho saa 07:00" ana tafsiri tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, kwa hesabu ya Kiswahili, au saa mbili asubuhi, iwapo mwandishi yuko Nakonde. Hata alama ya AM ikiongezwa, saa saba usiku nayo ni AM. "Limoja" huudhi sikio tu. Kosa hili humkosesha mtu zamu yake.

Rai yetu ni kwamba neno "saa" lisitangulie tarakimu za kimataifa kabla hesabu haijageuzwa kwa saa 6 na kutajwa asubuhi, mchana, jioni au usiku. Isipogeuzwa, iandikwe 07:00 pasipo neno hilo, pamoja na jina la nchi. Nao wafasiri wasikubali kujaza mapengo tu. Wadai kwanza kiunzi kinachoweza kubeba sarufi ya Kiswahili.