Ukakasi wa Mvinyo wa Mwaka Mgumu

Ahukumuye kinywaji huhukumu kwa maneno, na mwenye maneno haba hutoa hukumu haba. Hapa Kikagate, kama ilivyo Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, neno “kali” hubebeshwa kila mzigo: tonto iliyochacha ni kali, waragi ni kali, na mvinyo mwekundu nao ni mkali. Ilhali Kiswahili hutofautisha mambo haya vyema. Uchachu huonjwa katika ndimu, uchungu katika mwarobaini, na ukakasi katika zambarau au ndizi mbichi, pale ulimi unapokauka na kukwaruza. Hata asiyekunywa pombe aweza kuujua kwa njia hiyo.

Ukakasi ndio nguzo ya mvinyo mwekundu unaowekwa miaka mingi. Hutoka katika maganda na mbegu za zabibu. Katika tonto, ambayo ndugu zetu wa Kivu huiita kasiksi, ukakasi huondolewa mapema: ndizi huvundikwa hata ziive, kisha hukamuliwa kwa majani, na maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa. Pombe hiyo hunywewa katika siku chache, kwa hiyo haihitaji mlinzi. Mvinyo wa kuwekwa humhitaji. Na ukakasi, ukisaidiwa na uchachu, ndio mlinzi wake. Miaka ipitapo, ukakasi hulainika.

Hata hivyo, mlinzi aweza kuishi kuliko mali anayoilinda. Mfano mwafaka ni mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, wa mwaka 1975. Kiangazi kilikuwa kikavu na cha joto, maganda ya zabibu yakawa mazito, na mvinyo ukajaa ukakasi. Kwa kuwa mavuno ya 1972 hadi 1974 yalikuwa dhaifu, wengi waliusifu na kuutabiria maisha marefu. Baadhi ya mivinyo hiyo ilitengemaa. Mingine ilipoteza ladha ya tunda kabla ya ukakasi kuondoka, ikabaki kama mfupa usio na nyama.

Kwa sababu hiyo, hatukubaliani na waonjaji wanaodai kwamba mvinyo mgumu leo hauna budi kuwa mzuri kesho. Ugumu peke yake si ahadi. Mwonjaji mwadilifu huuliza: chini ya ukakasi huu, je, lipo tunda la kutosha kungoja? Mkulima wa Isingiro, aliyeona ukame wa 2016 ukikausha migomba, hausifu mkungu kwa kuwa uliteseka. Huyatazama maji yatokayo katika ndizi zake.

Walimu tuna wajibu hapa. Tuwape wanafunzi chai ya rangi iliyochemka mno, kisha tuitie ndimu, na nyingine tuitie maziwa. Watatambua wenyewe kwamba ndimu huleta uchachu, na maziwa hupunguza ukakasi. Mwanafunzi aliyeyapata maneno hayo hatasema tena “kali” na kunyamaza.