Kifungu cha 22 kilitungwa kwa ajili ya mteja

Niseme mapema: uamuzi wa Mahakama Kuu wa Septemba 20, 2019 ulikuwa mbovu. Kisa kwa ufupi ni hiki. Ado Shaibu alipinga mahakamani uteuzi wa Profesa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili wake alikuwa Fatma Karume, na aliyeketi ni Jaji Kiongozi Eliezer Feleshi. Shauri likaondolewa kwa mapingamizi ya awali. Kisha, ndani ya uamuzi uleule, wakili akasimamishwa uwakili Tanzania Bara kwa sababu ya maneno yaliyomo kwenye hoja zake za maandishi.

Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kinampa jaji uwezo wa kumsimamisha wakili kwa muda. Hayo ni mamlaka ya dharura. Yanamfaa wakili aliyepokea fidia ya ajali ya mteja wake kutoka kampuni ya bima akaila, ambaye ukimwacha mpaka Jumatatu atapokea ya mwingine. Hapo haraka ina sababu. Maneno makali yaliyokwisha kuandikwa na kuwasilishwa mahakamani yana dharura gani? Hayaongezeki usiku. Kama Mwanasheria Mkuu alijiona amevunjiwa heshima, mlango wa Kamati ya Mawakili ulikuwa wazi: aingie kama mlalamikaji yeyote, mashtaka yaandikwe, wakili ajibu. Badala yake adhabu ikatangulia. Tena hapakuwa na mteja hata mmoja nyuma ya lalamiko lile. Wateja wa Fatma ndio waliolala bila wakili, mafaili yao yakiwa katikati.

Hatua iliyofuata, ya kulipeleka suala kwa Kamati ya Mawakili, ilikuwa sawa. Kamati nayo ikamfuta Fatma uwakili Septemba 2020, na Mahakama Kuu ikamrejesha Juni 2021; hapo Mahakama Kuu ilifanya kazi safi. Miezi michache baadaye Feleshi akateuliwa kukalia kiti cha Kilangi. Sitii neno.

Linganisha na mwaka 1994: pale Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira alikuwa na Mchungaji Christopher Mtikila mbele yake, mtu ambaye ulimi wake serikali nzima iliujua. Akashughulika na hoja ya mgombea binafsi, akaikubali, na tunaisoma hukumu ile hadi leo. Majaji wa aina hiyo waliacha maneno makali yapite, wakakamata hoja.

Turudi kwa mteja. Huku kwetu Galula, mtu akidhulumiwa na wakili katika kesi ya shamba au ya machimbo, anachotaka ni fedha yake. Atatafuta nauli ya Mbeya, ataandika malalamiko, atasubiri. Akishinda, wakili atakaripiwa, atasimamishwa au atafutwa. Fedha? Afungue kesi ya madai dhidi ya mtu ambaye sasa hana hata kazi. Kenya angalau baraza lao la nidhamu linaweza kumwamuru wakili amlipe mteja hadi shilingi milioni 5 za kwao. Afrika Kusini wana mfuko wa mawakili tangu 1941, unaomlipa mteja pale wakili mwizi asipoweza kulipa. Madai yanachujwa kweli kweli: fedha iwe ilikabidhiwa kwa wakili katika kazi yake ya uwakili, iwe imeibwa, si kupotea kwa uzembe tu, na mdai awe amejaribu kwanza kumbana mwizi mwenyewe. Aliyempa wakili fedha amfanyie biashara hupata shida sana hapo, nami naona ni haki.

Chama cha Wanasheria Tanganyika kipo tangu 1954 na kila mwaka kinakusanya ada. Fungu dogo la ada hiyo lingeanzisha mfuko wetu. Nimelisema hili huko nyuma, nikajibiwa kwamba mawakili waaminifu hawawezi kulipia wezi. Basi wanipe jina la mwingine wa kulipia, asiwe mkulima wa Galula.