Tupu si Wazi: Tahakiki ya Istilahi za Mifumo ya Faili Iliyopachikwa

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeelemea zaidi kwenye maneno yanayoonekana usoni mwa programu: faili, menyu, hifadhi, funga. Mwelekeo huo una sababu zake. Toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililotolewa mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilimlenga mtumiaji wa kawaida, naye hushughulika na vitufe na menyu. Hata hivyo, chini ya vitufe hivyo kuna tabaka jingine la lugha, yaani miito ambayo programu huitumia kukiomba kiini cha mfumo habari. Makala hii inahakiki lugha ya miito inayoeleza mifumo ya faili iliyopachikwa katika kompyuta: statfs, statvfs na, kwa jamii ya BSD, getfsstat.

Uhakiki huu umetokana na kosa langu mwenyewe. Hapa Mulongwe, mwenzangu aliniomba nimfasirie ukurasa wa maelezo ya statvfs ili aandike programu ndogo ya kuonyesha nafasi katika diski ya kompyuta tuliyokuwa tukiitumia kwa pamoja. Katika tafsiri yangu, viungo viwili tofauti vya jedwali vilipata jina moja: "nafasi iliyobaki". Mwenzangu akachagua cha kwanza. Baada ya majuma machache, mwanafunzi mmoja aliona kwamba nafasi ingali ipo, akaamuru mashine ihifadhi kazi yake ya mwisho wa masomo, na faili ikatoka tupu. Wote tulisema kwamba kompyuta imedanganya. Haikudanganya, tafsiri ndiyo iliyodanganya.

2. Tupu na wazi

Viungo vyenyewe ni f_bfree na f_bavail. Cha kwanza ni idadi ya bloki ambazo hazijaandikwa kitu. Cha pili ni idadi ya bloki ambazo mtumiaji asiye msimamizi mkuu anaruhusiwa kuziandika. Mifumo ya faili ya jamii ya ext katika Linux kwa kawaida humtengea msimamizi mkuu asilimia 5 ya bloki, isipokuwa aliyeiunda ameagiza vingine. Tuchukue diski yenye bloki 1,000,000 za baiti 4,096 kila moja. Bloki 50,000 zimetengwa. Watumiaji wakiishajaza zile nyingine zote, f_bfree itasema 50,000, yaani baiti 204,800,000, na f_bavail itasema sifuri. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini linalomhusu mwanafunzi ni la pili.

Maelezo ya Kiingereza na ya Kifaransa yanatumia sifa moja kwa viungo vyote viwili, kisha yanaongeza mkia kwenye cha pili ili kutaja wasio na madaraka. Msomaji mwenye haraka huuacha mkia. Kiswahili hakihitaji mkia huo, kwa kuwa kina sifa mbili zisizolingana: tupu na wazi. Mkazi wa Mulongwe aliyekimbia mafuriko ya mto mwezi Aprili 2020, akaiacha nyumba yake na kufuli mlangoni, anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Nyumba ile ni tupu; haiko wazi. Napendekeza, basi, nafasi tupu kwa f_bfree na nafasi wazi kwa f_bavail.

3. Vipimo viwili

Udhaifu wa pili upo katika f_bsize na f_frsize. Yote mawili yangeweza kufasiriwa "ukubwa wa bloki", na jambo hilo lingekuwa hatari. Kipimo ambacho kwacho idadi ya bloki huhesabiwa katika statvfs ni f_frsize. F_bsize hueleza ukubwa unaofaa kwa kusoma na kuandika. Muuza unga sokoni huhesabu kwa kopo, akabeba kwa gunia. Atakayehesabu makopo kisha akazidisha kwa uzito wa gunia atajiona tajiri mpaka siku ya kupima. Mara nyingi viungo hivi viwili huwa na thamani sawa, na ndiyo maana kosa hili hudumu bila kugunduliwa. Kipimo cha kuhesabia na kipimo cha kubebea ni majina marefu kidogo, lakini hayamhadai mtu.

4. Kupachika na kupachua

Kitendo cha kuunganisha mfumo wa faili na saraka hufananishwa kwa Kifaransa na kupanda au kupandisha. Mfasiri anayefuata neno atasema "panda", na mara atakwama, kwa kuwa kinyume chake ni "shuka", na diski haishuki popote. Kitenzi pachika kinafaa zaidi. Mpini hupachikwa kwenye jembe na mshale kwenye upote. Kila kimoja hubaki kitu kamili, ila sasa vinafanya kazi pamoja. Zaidi ya hayo, lugha yenyewe inatupa pachua kwa kauli ya kutendua, kama ilivyo kwa funga na fungua.

5. Kuuliza na kukumbuka

Mwito wa getfsstat hurudisha orodha ya mifumo yote iliyopachikwa. Ukiitwa bila kupewa chombo cha kupokelea, hurudisha idadi tu. Programu huandaa chombo cha kutosha, kisha huita tena. Baina ya miito hiyo miwili flashi inaweza kupachikwa au kupachuliwa, kwa hiyo idadi ya kwanza ni makadirio. Mwito huu una pia hiari mbili, MNT_WAIT na MNT_NOWAIT. Kuzifasiri "subiri" na "usisubiri" ni sahihi kwa neno, lakini kunaficha kiini cha jambo. Hiari ya pili hutoa takwimu zilizokwisha kuhifadhiwa, bila kuuliza upya kila mfumo. Ni kinga nzuri pale ambapo seva ya mbali haijibu. Wavuvi wetu hawamuuzii mteja ndagala wakavu kwa jina la wabichi. Nasi tuseme habari mbichi na habari ya akiba.

6. Hitimisho

Suala hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2024 toleo la 6.8 la kiini cha Linux liliongeza miito ya listmount na statmount, mmoja wa kuorodhesha na mwingine wa kueleza, na majina yataendelea kuzaliwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini darasani mwanafunzi wa Uvira bado hupokea elimu hii kwa Kifaransa na kusoma maelezo kwa Kiingereza. Tukimletea Kiswahili kilichonakili udhaifu wa lugha hizo mbili, tutakuwa tumemwongezea mzigo wa tatu.

Istilahi nilizozitoa hapa si amri. Zijaribiwe mbele ya mashine, pamoja na watu ambao kazi zao zimo ndani ya diski hizo. Na msomaji mwenye neno lililo bora alilete.