‘Zilizopendwa’: Zilipendwa na Nani?

Neno ‘zilizopendwa’ lina -li- ya wakati uliopita, -zo- ya urejeshi na -wa ya kutendwa. Linatuambia nyimbo zilipendwa. Halitaji aliyezipenda wala zilikotoka. Kasoro hiyohiyo inaiandama mikusanyiko yetu mingi ya vibao.

Tuwachukue Them Mushrooms, kundi lililoanzia Pwani mwaka 1972. Ukivipanga vibao vyao kwa miaka, utasikia safari nzima. Kuna ‘Jambo Bwana’, yenye Kiswahili chepesi cha kumlaki mtalii, ‘hujambo’ ikiwa imevuliwa kiambishi. Kuna ‘Nyambura’, jina la binti wa bara katika mahadhi ya Pwani. Kisha, baada ya kundi kuhamia Nairobi mwaka 1987, nyimbo za kale za Fundi Konde zinapigwa upya pamoja naye mwenyewe. Vichanganye ovyo, safari imepotea. Umebaki na muziki wa kuchezea harusini tu.

Garsen wanaijua hasara hii. Wimbo wa taifa tunaouimba tangu 1963 umejengwa juu ya bembezi, wimbo wa kumlaza mtoto, wa Wapokomo wa Mto Tana. Kila mwanafunzi anauimba, lakini ni wangapi watakutajia Tana River? Lahani ilipendwa, mama aliyeiimba akaachwa nje ya sentensi.

Basi mkusanyaji aandike mwaka, mtunzi na mahali. Sarufi yetu ina ‘na’ ya mtenda. Kwani kuitumia ni shilingi ngapi?