Paa, Chungu na Mkuu: Kaya za Vijana wa Kahama na Usomaji wa *Watoto wa Maman'tilie*

Utangulizi

Riwaya ya Emmanuel Mbogo, *Watoto wa Maman'tilie* (2002), kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika shule za sekondari nchini Tanzania. Madarasani na katika majibu ya mitihani, hali ya Peter na Zita hufafanuliwa mara nyingi kwa kirai kimoja: familia iliyovunjika. Baba ni mlevi, mama ni maskini, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na wanaishia kutafuta riziki jalalani. Makala hii inadai kwamba kirai hicho hakitokani na matini. Kinatokana na kigezo kilicholetwa kutoka nje yake: baba, mama na watoto wao chini ya paa moja, na lolote lililo tofauti na hapo huhesabiwa kuwa kasoro. Ili kukipima kigezo hicho, tunaanza na Kahama, mji ambao vijana balehe wake wanaishi katika kaya za namna nyingi, kisha tunairejea riwaya.

Kaya si familia

Neno *familia* limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Ulaya. *Kaya* ni la Kibantu. Katika Kisukuma, kaya ni maskani: ua, nyumba zilizomo na watu wake. Katika lugha za Kimijikenda pia neno hilo hutaja makazi. Takwimu za taifa zimelichukua neno hili na kulipa, kwa ufupi, masharti matatu: watu wa kaya wanaishi pamoja, wanashirikiana chakula, na wanawajibika kwa mkuu mmoja. Tuyaite masharti hayo paa, chungu na mkuu. Udugu wa damu haumo.

Maisha ya Kahama yanayatenganisha masharti hayo. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulio jirani na mji, mwaka 2009, kabla ya uzalishaji wake kukoma 2021. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo, ambao dhahabu ikihama nao huhama. Kijana wa nyumba ya namna hiyo huweza kuwa na baba ambaye ni mkuu asiyepingwa, na ndiye anayetuma fedha ya chungu, lakini halali chini ya paa lile kwa miezi. Mwingine hulelewa na bibi kwa fedha anayotuma mama aliyeko mji mwingine: paa na chungu ni vya bibi, ilhali uamuzi kuhusu shule husubiri simu.

Kaya mbili zinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ya kwanza ni ya mwanafunzi aliyepanga chumba. Shule za kata ziliongezeka sana baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, lakini kwa wanafunzi wengi wa vijijini shule bado iko mbali. Baadhi yao hupanga chumba karibu na shule, nao hukiita *geto*. Mchele au unga hutoka nyumbani, kodi hulipwa na mzazi, na kupika hujipikia wenyewe. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ingemkuta kijana huyo getoni. Kwa paa, yuko peke yake. Kwa familia, hajatoka kwao.

Ya pili ni ya *dada wa kazi*. Msichana wa miaka kumi na mitano huitwa dada na watoto wa nyumba, na pia na watu wazima wanaomzidi umri mara mbili. Analala chini ya paa lile, anakula chungu kile, anawajibika kwa mkuu yule. Ametimiza masharti yote matatu ya kaya, lakini hakuna anayemhesabu katika familia. Jina la undugu linamkaribisha mahali ambapo haki za undugu hazimfikii. Yeye na mwanafunzi wa geto wanaonyesha kwamba kaya na familia ni dhana mbili, na kwamba hakuna moja inayotosha kueleza malezi.

Chungu cha Maman'tilie

Tukirudi kwenye riwaya, jambo la kwanza ni kwamba kwa kigezo cha baba, mama na watoto, familia hii haijavunjika. Mzee Lomolomo yumo ndani ya nyumba. Lililovunjika ni uhusiano wa paa, chungu na mkuu: yeye ni mkuu kwa cheo, na chungu ni cha mkewe. Baba wa Kahama aliyeko machimboni hayupo lakini analea. Lomolomo yupo na halei. Usomaji unaohesabu wazazi waliomo nyumbani hauwezi kuiona tofauti hiyo.

Jambo la pili ni jina lenyewe. *N'tilie* ni *nitilie*, kutokana na kitenzi *-tia* katika kauli ya kutendea. Ni kauli ya mteja anayeomba chakula, iliyogeuka kuwa jina la muuzaji. Na anayeomba humwita mama. Basi jina hili limebeba uhusiano wa chungu, si wa damu. Anwani ya riwaya, kwa a-unganifu, inawataja watoto kwa chungu hicho na inamnyamazia baba anayeishi nao. Aidha, inaruhusu maana pana zaidi: watoto wa Maman'tilie ni wote wanaolishwa naye. Jalalani nako, pamoja na Kurwa na Doto, Peter na Zita wanaingia katika kundi ambalo kinacholiunganisha ni kutafuta riziki pamoja.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unapamba dhiki. Hapana. Riwaya inazitaja sababu za dhiki waziwazi: ada, sare, ulevi, umaskini wa mjini. Umbo la kaya halimo katika orodha hiyo. Ni wahakiki walioliongeza.

Hitimisho

Kosa hili lina gharama. Darasani Kahama, kijana wa geto, kijana wa bibi na kijana wa mchimbaji wanafundishwa kuandika, ili wapate alama, kwamba nyumba kama zao ndicho chanzo cha upotovu. Tunapendekeza uhakiki wa fasihi ya Kiswahili uache kuuliza kama familia ya mhusika ni kamili, na badala yake uulize mhusika analala wapi, anakula kwa nani, na nani anaamua hatima yake. Maswali hayo yanaweza kuelekezwa pia kwa *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambamo baba na mama wote wapo, na bado kuwepo kwao hakukumwokoa Rosa.