Kazi ya Chini Kabla ya Droni Kupaa

Video za droni sasa zimejaa kila mahali: harusini, kwenye matangazo ya hoteli, kwenye mikutano ya kampeni. Nyingi humshangaza mtazamaji kwa sekunde mbili tatu, kisha jicho likachoka. Mawimbi yanadundadunda, mchanga umeungua ukawa weupe mtupu, bahari imeanza kwa buluu ikaishia kijani bila sababu. Halafu inakuja moja ambayo mtu huitazama hadi mwisho na kuirudia. Ndege ni ileile, kamera ileile, ufukwe uleule. Kilichozitenga ni zile dakika ambazo fundi alichuchumaa na rimoti mkononi, droni ikiwa bado chini, akiinyima kamera uhuru wa kujiamulia mambo.

Pa kuuona ustadi huo vizuri ni pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani, kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilishika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yao hufuata maji ya bamvua, bahari inapokupwa kabisa na kuacha vijiti na kamba za mwani wazi. Maji hayo mara nyingi hukupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Basi ule mwanga laini wa machweo, ambao katika nchi zilizo karibu na ikweta haudumu hata nusu saa, fundi hana haja ya kuuota. Anachukua mwanga aliopewa na bahari, na huo ni mwingi kupita kiasi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Wapiga picha wa tangu zamani wana kanuni yao: jua likiwaka bila wingu, tundu la lenzi likiwa f/16, kasi ya shata iende sawa na namba ya ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Kwa ISO 100, ambayo ndiyo inayotoa picha safi katika droni nyingi, shata itakuwa 1/100 ya sekunde. Lakini lenzi za droni ndogo nyingi zina tundu lisilobadilika, nalo ni pana, f/2.8 au hata zaidi. Toka f/16 mpaka f/2.8 ni hatua tano, na kila hatua huongeza mwanga maradufu. Kamera ikiachiwa ifanye itakavyo, itakimbiza shata hadi 1/3200.

Kwa picha ya mnato kasi hiyo haina neno. Kwa video inaua mwendo. Kila fremu inagandisha tone la maji na mkono wa mvunaji kana kwamba havikuwa vikienda popote, na fremu 25 za namna hiyo zikipangwa ndani ya sekunde moja, jicho linahesabu mishtuko badala ya kuona mtiririko. Kamera za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya ukanda, nusu yake wazi na nusu imeziba, yaani nyuzi 180. Kila fremu ilipata mwanga kwa nusu ya muda wake tu. Macho yetu yamelelewa na sinema za aina hiyo, na ndiyo maana kanuni ingali hai: kwa fremu 25, shata iwe 1/50. Ukungu mdogo unaobaki kwenye wimbi linalovunjika ndio unaolifanya lionekane linavunjika.

Toka 1/3200 mpaka 1/50 mwanga umezidi mara 64. Fundi hafungui menyu yoyote kulitatua hilo. Anatoa kwenye kijaluba chake kioo cheusi kidogo, filta ya ND64, inayopitisha sehemu moja tu kati ya 64 za mwanga, na kukibandika mbele ya lenzi. Hamsini mara 64 ni 3,200. Hesabu imekaa pale pale. Mchanga mweupe wa Paje unaweza kudai hatua moja zaidi, na hapo fundi mwenye busara huiacha shata ipande hadi 1/100, maana kanuni ipo kuulinda mwendo na mwendo haujaharibika. Vilevile, droni ikiwa juu sana na chini yake hakuna kinachokimbia, shata ya haraka haionekani na mtu yeyote. Filta inalipa droni inapopita chini, karibu na maji na watu.

Wenye lenzi ya tundu linalobadilika wana kishawishi kingine. Droni ya Mavic 2 Pro iliyotoka mwaka 2018 inaweza kufunga tundu hadi f/11, na wengi hufanya hivyo ili waepuke filta. Lakini kwenye tundu dogo mwanga hujipinda kingoni, na picha hupoteza ukali. Afadhali f/5.6 na filta ya ND16. Mwanga unaofika ni uleule wa f/2.8 na ND64, na kamba za mwani zinabaki zimechongoka.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii ni rangi. Kamera iliyoachiwa kupima weupe yenyewe, ikigeuka kutoka mchangani kuelekea kwenye maji, huona buluu nyingi na kujitahidi kuisawazisha kwa kuongeza njano. Katikati ya mkupuo mmoja kanga nyekundu inabadilika, ngozi inabadilika, bahari yenyewe inabadilika. Hakuna uhariri unaolirekebisha hilo vizuri. Fundi anaweka Kelvin 5,600 kwa jua la mchana na kuifunga hapo. Hata kama rangi haikukaa sawa kabisa, kosa lake ni moja toka mwanzo hadi mwisho, na kosa moja hurekebishika.

Mwangaza nao ni hivyo hivyo. Mchanga mweupe huidanganya kamera, ikaufifisha mpaka ukawa wa kijivu, na wanawake waliosimama juu yake wakageuka vivuli. Fundi haamini skrini inayopigwa na jua. Anasoma histogramu, ule mchoro wa viwango vya mwanga, anasogeza ule mlima wa mchanga karibu na ukingo wa kulia bila kuugusisha, kisha anafunga. Cheupe kilichoungua hakirudi tena.

Kuhusu picha bapa za D-Log, zinazorekodiwa zikiwa zimefifia ili rangi zirudishwe kwenye uhariri, nina msimamo: kamera ikiwa na biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi ya msingi, zitumie. Ikiwa na biti 8, zenye ngazi 256 tu, achana nazo, kwa sababu ukizivuta kwenye uhariri anga hukatika mistarimistari. Na kadi isidharauliwe. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban megabaiti 750 kila dakika, na kadi yenye alama ya V30 huibeba bila wasiwasi.

Idadi ya fremu nayo ina siri yake. Droni nyingi huja zimepangwa fremu 30, kwa desturi ya Marekani ambako umeme ni wa hezi 60. Wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi Mji Mkongwe jioni taa zikiwa zimewaka, kwa fremu 30 na shata 1/60, baadhi ya taa zitapepesa. Fremu 25 na 1/50 huzituliza, na mchana hazikupotezei chochote.

Betri ya droni nyingi kama hizi haifiki mbali zaidi ya nusu saa, na nusu saa hiyo ni ya kuruka polepole na kutazama, siyo ya kutafuta vitufe hewani. Kwa hiyo, msomaji mwenye droni, chukua kibali chako kwanza, waombe ridhaa wanaovuna mwani, kisha uzime otomatiki ukiwa bado umesimama mchangani.