Saa 32 za Louisville

Kiwanda cha kampuni ya kemikali ya DuPont mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kilikuwa kinatengeneza neoprini, aina ya mpira wa viwandani. Kati ya kemikali zinazopatikana katikati ya uzalishaji huo, imo moja inayoweza kulipuka yenyewe, hivyo mitambo ikiwa kazini fundi hana la kugusa. Matengenezo karibu yote yalisubiri kiwanda kizimwe. Kwa wastani uzimaji mmoja ulikula saa 125. Ulipopangwa kwa mbinu ambayo Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walianza kuibuni mwaka 1957, ukashuka hadi saa 93.

Sifa nyingi hupewa kompyuta ya UNIVAC iliyopiga hesabu. Mimi sikubaliani. Kazi ngumu ilifanyika kabla ya mashine kuwashwa, pale kila kazi ilipoulizwa: ni ipi lazima iishe ndipo hii ianze? Si ipi tumezoea kuitanguliza. Majibu yakichorwa kwa mishale, minyororo huonekana, na mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaopanga tarehe ya mwisho.

Chukua slabu ya ghorofa. Seremala anafunga mbao za kushikilia zege kwa siku 4. Wakati huohuo, chini, fundi chuma anakata na kukunja nondo kwa siku 3. Nondo zinapandishwa na kufungwa siku 2, fundi umeme analaza mabomba yake siku 1, zege linamwagwa siku 1. Jumla siku 8, kwa kupitia mbao. Fundi chuma ana ziada ya siku 1. Akiugua Jumatatu, hakuna kilichoharibika. Seremala akiugua, mradi mzima umeugua.

Sasa mwenye nyumba ana haraka. Anaongeza maseremala, mbao zinaisha kwa siku 2. Ameokoa siku ngapi? Moja. Mbao ziko tayari, lakini nondo bado zinakunjwa, na mnyororo mrefu sasa unapita kwa fundi chuma. Amelipia siku mbili, amepata moja. (Na hapo yeye ana afadhali: wengi wakibanwa hulipa ovataimu kwa mafundi wote, hata fundi umeme ambaye hajapata pa kulaza bomba.) Hesabu ya Kelley ilikwenda mbali zaidi ya kuonyesha mnyororo. Ilitafuta ni kazi ipi ifupishwe, na kwa kiasi gani, ili kila siku inayookolewa inunuliwe kwa bei ndogo kabisa.

Kwa hiyo mkandarasi akikuletea ratiba yenye tarehe tupu, usisaini malipo ya muda wa ziada. Mwambie kwanza akuonyeshe kipi kinasubiri kipi.